Mwiba wa Tatu Kutoka Kushoto

Nilipofika kwa shangazi Saturnina, Ayacucho,
na begi moja na kiburi cha mwaka mmoja wa chuo cha sanaa Lima,
hakuniuliza nimejifunza nini.
Alinipa kitambaa kibichi. Futa meza.
Nikafuta. Akaikagua kwa pembe ya jicho,
kama mtu aonjaye mchuzi wa jirani.
Tena, akasema.

Meza yenyewe ilikuwa hivi:
kushoto, sufuria ya viazi vilivyopondwa na jasi,
imefunikwa, maana kinyunga kile kikipigwa na hewa ya milimani
hugeuka jiwe kabla hujakohoa.
Kisha miiba ya dungusi, tisa, imelazwa kwa urefu:
wa kwanza wa kuchimba macho ya farasi,
wa pili wa pua zao,
wa tatu, mwembamba kama neno la siri,
wa kufungua midomo ya watu.
Kisha brashi za manyoya ya paka
(Kanela mwenyewe amelala dirishani, mfadhili asiyejua).
Kisha rangi, nyekundu mbali na nyeupe,
"maana hao wakikaa pamoja hawaishi kuambukizana."
Na kulia, patupu.
Upana wa viganja viwili, hapana kitu.
Siku ya kwanza niliweka kikombe changu pale.
Alikiondoa bila neno,
kama unavyomwondoa mtoto barabarani.

Mimi chumbani kwangu nilikuwa na dini nyingine:
kwamba wazo ni gugu, huota penye fujo.
Karatasi uvunguni, penseli ndani ya kiatu,
michoro sitini, hakuna hata mmoja wenye miguu.
Nusu ya asubuhi natafuta kifutio.
Nikikipata, wazo limeshashuka ngazi,
limeshapanda basi.

Mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio,
tulikuwa tunamalizia sanduku la duka la kofia:
milango miwili ya maua, ghorofa mbili,
juu watakatifu na ng'ombe wao,
chini mafundi kumi na wateja wabishi.
Umeme ukakatika.
Niliinuka kutafuta mshumaa, nikaangusha kiti.
Shangazi hakuinuka.

Gizani nikasikia kifuniko cha sufuria, kidogo tu.
Kidole kikihesabu: moja, mbili, tatu.
Pumzi.
Kimya.
Pumzi.
Niliporudi na mwanga, mkononi mwake alikuwepo mteja mpya,
mwanamke mnene mwenye kofia ndogo mno,
kinywa wazi, anajicheka mwenyewe.
Sijawahi kuona viazi vikicheka namna ile.

Ndipo nikamtazama macho.
Nikakumbuka anavyonigeuzia kichwa tukizungumza,
upande, kama kuku.
"Mwaka wa pili sasa," akasema. "Katikati pameingia ukungu.
Usimwambie mama yako.
Mkono ukiijua njia, kichwa kinabaki huru kupotea,
na mimi bado napenda kupotea."

Ila kuna droo moja, ya chini kabisa, haifutwi.
Humo vichwa visivyo na miili, nusu ya kinubi,
malaika aliyeota pembe za fahali.
Nilidhani ni takataka.
Jumapili, akishachoka na kila kitu, huifungua,
huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akakoroga.
Kitakachotoka hukiweka pale patupu,
upana wa viganja viwili,
akakipapasa mpaka chai ipoe.

Jana, kwa haraka, niliurudisha mwiba wa tatu mahali pa wa pili.
Leo asubuhi fundi wa kofia akazaliwa na midomo ya tundu mbili,
mviringo, kama pua ya farasi.
Nikangoja kugombezwa.
Shangazi alikigusa kile kiuso mara moja, mara mbili,
akacheka mpaka Kanela akaruka kutoka dirishani.
Akaifungua droo ya chini, akamlaza humo.
"Huyu atatufaa," akasema.
Kisha akanyoosha mkono kulia kwake, bila kutazama,
akanipa kitambaa.